Fundi na Mlango wa Mgeni

Fundi alisafisha mashine yake kwa unyoya wa jogoo, kila asubuhi, kabla ya kuwasha jenereta. Kitambaa alikikataa, kwa kuwa kitambaa kinasukuma vumbi ndani. Alipitisha unyoya katikati ya vitufe polepole, kama mtu anayemtolea mgonjwa miiba ya samaki, kisha akaurudisha katika mfuko wa shati, ncha yake ikichungulia. Wageni waliofika biro yetu, yaani ofisi yetu ya mjini Baraka, mara ya kwanza walidhani ni mganga, naye hakuwasahihisha.

"Nabaacha bafikiri vile," aliniambia. "Muganga batu banamuogopa. Mashine hakuna mwenye kuiogopa, na yenyewe njo iko na hatari."

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Miaka ile maswali hayo ndiyo yaliyoua watu njiani, na mimi sikuwahi kumwuliza. Nitaandika niliyoyaona katika miaka minne niliyofagia biro ile, na siku moja niliyomwona baadaye.

Kazi ya biro ilikuwa watoto waliopotezana na wazazi. Vita ya pili ya nchi yetu ilipotufikia, watu wa Fizi na Baraka walikimbia kila upande: wengine milimani, wengine rasi ya Ubwari kwa mitumbwi, wengine ng'ambo ya ziwa. Makarani waliandika jina la mtoto, jina la mama, kijiji alikofichwa mtoto na nani anayemlisha. Kila Ijumaa adhuhuri mashine iliipeleka orodha hiyo kwa foni, redio kubwa ya biro, hadi kwa wenzetu wa ng'ambo. Sauti yake ilikuwa kama ya panya wengi ndani ya gunia.

Mama yangu alikufa kwa kipindupindu. Papa aliuawa kwenye barabara ya Fizi. Tulibaki watano, mimi wa kwanza, nikaacha shule mwaka wa tano nikashika ufagio. Wadogo zangu walikuwa wanakuja mlangoni kuniita Yaya, yaani dada mkubwa, na baada ya mwezi mmoja biro nzima, pamoja na mkubwa wetu, Shefu, ilikuwa ikiniita hivyo. Mapigano yaliposogea tena nilibaki na wasichana wawili. Wavulana, Etabo wa miaka kumi na minne na Amisi wa kumi na miwili, niliwapeleka Ubwari kwa mtumbwi, mikononi mwa mama mmoja wa kanisa letu. Wenye bunduki wa pande zote walikuwa wanatafuta wavulana wa umri ule. Ndiyo hivyo ndugu zangu walivyoingia ndani ya mashine: majina mawili, na mbele yao jina la kijiji. Mtu yeyote ambaye angeusoma mstari ule angejua pa kwenda kuwachukua.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta moja, kubwa, katika chumba cha ndani. Nyaya zilitoka humo kwenda kwenye skrini tatu. Mfumo wake ulikuwa wa ukoo wa Unix, wa zamani sana. Fundi alisema uliundwa na watu wa chuo waliofahamiana wote.

"Bale batu balikuwa banajuana," alisema. "Hakuna aliyefikiri mwizi ataingia. Ni sawa nyumba za kwetu za zamani. Mlango ulikuwa wa matete, juu ya kuzuia mbuzi, haikuwa juu ya kuzuia mutu."

Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa, nakala bila jalada, na katika sura ya ulinzi kurasa tatu zilikuwa hazimo. Alizijaza mwenyewe kwa kalamu, akikisia. Alikisoma kila wakati wa chakula, akitafuna muhogo mbichi na karanga. Kwa kitabu hicho alinifundisha kusoma upya, mimi niliyekuwa nimeanza kusahau.

"Kila kitu ndani ya mashine kinajua batu ba namna tatu," aliniambia siku ya kwanza. "Mwenyewe, jamaa yake, na batu bote. Mwenyewe anasoma na kuandika. Jamaa, unaweza kumuruhusu asome tu. Sasa hapo kwa batu bote, hapo njo kuko vita."

"Na mimi niko wapi?"

"We uko kwa batu bote, Yaya. Usikasirike. Hata Bikira Maria akiingia hapa bila jina, mashine itamuweka kwa batu bote."

Shefu, mkubwa wa biro, alikuwa mtu wa mjini mwenye viatu vinavyong'aa. Yeye aliamini mashine iko salama kwa sababu kila karani alikuwa na neno la siri, na mashine ilikuwa inayasaga maneno hayo kabla ya kuyaweka. Fundi alimweleza mbele yetu kwamba maneno yaliyosagwa yalikaa katika faili ambayo watu wote waliweza kuisoma.

"Yamesagwa," Shefu alisema. "Unga utarudi kuwa muhogo?"

"Haurudi, Shefu. Lakini mi nitachukua kila muhogo wa soko, nitausaga mumoja mumoja kwa kinu kile kile, na nitalinganisha unga. Siku unga utafanana, nitajua ulisaga nini."

Shefu akacheka, akamwambia ajaribu. Fundi aliipa mashine majina ya wake, ya watoto, ya watakatifu, ya wachezaji wa mpira na ya samaki, ikaanza kusaga. Wakati wa chai alitoka na karatasi, akasoma maneno sita kati ya tisa. Neno la Shefu lilikuwa mukeke, jina la samaki wa ziwa letu.

"Aka, Shefu," karani mmoja alisema, "hata siri unaikula na bugali."

Tulicheka wote isipokuwa mmoja. Kesho yake Shefu aliandika barua ya kumkataza Fundi kuchezea mashine. Fundi aliibandika ukutani juu ya mashine, na tangu hapo barua nayo aliipangusa kila asubuhi kwa unyoya.

Siku nyingine, mvua ikinyesha, alinivika koti la mvua la Shefu, kofia hadi puani, akanituma niende ghalani bila kusema neno. Sentineli, mlinzi wa ghala, alinyanyuka, akapiga saluti, akafungua kufuli. Fundi alikuja nyuma yangu akiwa amelowa.

"Papa, umemufungulia nani?"

"Shefu," sentineli alijibu, kisha akaniona uso. "Yaya? Bananifukuza kazi leo."

"Hakuna mwenye kukufukuza. Umefungulia koti." Akanigeukia. "Ndani ya mashine kuko programu, ni sawa bafanyakazi badogo benye kuvaa koti la mukubwa juu ya kazi moja tu, kama kuchapa karatasi. Mwizi hapigani na mukubwa. Anatega mufanyakazi, anabaki na koti."

Alikuwa na msemo wake mmoja aliourudia hadi ukatuchosha: mashine haina haya. Mtu akikuta mlango wa jirani uko wazi na jirani hayupo, alisema, ataita, atakohoa, atasimama nje hata kama ana njaa, kwa sababu ya haya. Mashine itamtii yeyote anayeijua lugha yake, hata mikono yake ikiwa bado na damu.

Na huyo mtu aliyeshuku kila kitu alikuwa hajui kumshuku binadamu hata kidogo. Sukari yake, ni kweli, aliiweka katika kopo lenye kufuli, ufunguo ukining'inia shingoni, kwa sababu makarani walikuwa wanamwibia. Lakini mtu akimwomba sukari alimvulia ufunguo na kumpa, kisha akasahau kuudai. Wiki nzima ufunguo ungetembea katika shingo za watu wengine. Viatu alimkopesha mtu aliyekuwa anakwenda Swima, mtu akapita Swima akaendelea. Fundi alikaa miezi miwili na kandambili, na kila aliyemwuliza alimjibu kwamba viatu viko safarini.

Sasa niseme juu ya mgeni.

Mashine ilikuja na jina moja ambalo halikuwa la karani yeyote. Mtu akiandika "mgeni", mashine ilimfungulia bila neno la siri. Kitabu kilisema ulitoe siku ya kwanza. Fundi alifunga mashimo yote aliyoyajua, mengine yakimchukua wiki nzima, lakini mgeni alimwacha. Alimwekea skrini ya tatu, ile ya chumba cha mbele, na kiti. Sheria ya Shefu ilikuwa kwamba karani tu ndiye atafute jina la mtoto, na makarani walichukua wiki tatu, nne. Akina mama walilala kwenye uzio wakingoja. Fundi alikuwa anamtoa mmoja mmoja, anamkalisha kwenye kile kiti, anampa kikombe cha maji.

"Mama, kaa kwanza. Kunywa. Jina utaniambia nyuma."

Nilimwuliza mbona amekiuka kitabu chake mwenyewe.

"Kitabu kiliandikiwa batu benye kufunga mlango muchana," alisema. "Kwetu, mutu akifika, utamuuliza we ni nani mbele hajakaa? Batasema ulilelewa na mbuzi."

Hakuwa mjinga. Aliigawa orodha mara mbili. Majina ya watoto aliyaacha yasomwe na watu wote. Vijiji walikofichwa aliviweka katika faili nyingine, ya makarani tu. Mama angeona mtoto yu hai, kisha karani angemhoji taratibu kabla ya kumwambia mahali. Fundi alijivunia mpango huo.

"Mugeni anaona uso wa mutoto," alisema, "haone nyumba."

Alinifundisha amri chache ili niwasaidie wale akina mama yeye akiwa kwenye jenereta. Zilinitosha. Ijumaa moja asubuhi, nikiwa peke yangu chumba cha mbele, niliweka ufagio chini, nikaingia kama mgeni, nikatazama mahali alipopaita baraza. Ndani ya mashine kuna sehemu ambayo kila programu inatua mzigo wake kwa muda, na hakuna anayekatazwa kupita hapo. Nilikuta orodha nzima. Ilikuwa imeunganishwa tena, majina pamoja na vijiji, ikingoja kupelekwa kwa foni adhuhuri. Fundi alikuwa amefunga chumba, akaacha nakala barazani.

Nilisoma mstari wangu. Etabo na Amisi walikuwa wamehamishwa kijiji kingine, na mwishoni karani alikuwa ameandika: mdogo alikuwa na homa.

Nilipaswa kumwambia siku ileile. Sikumwambia. Angefunga, na mimi ningerudi kuwa kama wale wa kwenye uzio. Kwa hiyo kila Ijumaa, saa ya kufagia, nilisoma mstari mmoja kisha nikatoka. Wiki ya tatu uliandikwa: mdogo amepona. Nilijiambia, ni mimi tu ninayejua. Nilijiambia hivyo Ijumaa kumi na moja.

Ya kumi na mbili, komanda mmoja wa wenye bunduki alikuja. Mji ulikuwa umebadilisha watawala juma lile bila risasi nyingi. Alikuja na kijana mmoja wa sare mpya, mwenye vidole laini, tukajua huyo amewahi kukaa ofisini. Komanda hakupaza sauti. Alisema wanatafuta mtoto wa dada yake. Fundi alivuta kiti, akaleta maji, vikombe viwili.

"Mukae kwanza," alisema.

Kijana alikunywa, akashukuru, akageukia skrini. Aliandika mgeni kabla hajaambiwa. Nilikuwa nyuma yake na ufagio, hatua mbili. Alitazama majina kidogo, kisha akaenda barazani moja kwa moja, kama mtu anayeijua nyumba. Orodha ilifunguka. Fundi alikuwa upande wa pili, akimsikiliza komanda akisifu unyoya wake. Waya wa umeme ulipita karibu na mguu wangu. Ningeweza kuukanyaga ukachomoka, ningesema nilikuwa nafagia. Nilifikiri: nikichomoa watajua nilijua. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kutosha. Kijana aliweka kisahani cha plastiki cha kunakilia katika tundu lililokuwa chini ya skrini, akanakili orodha, akakitoa, akamwambia komanda kwamba mtoto wa dada hayumo.

"Asante kwa maji," komanda alisema.

Jumatano iliyofuata mitumbwi miwili yenye mota ilikwenda Ubwari. Walipita vijiji vinne bila kuuliza njia, wakaingia nyumba zile tu zilizoandikwa. Wavulana waliochukuliwa, sitataja hesabu, kwa kuwa kila mama alihesabu wake. Etabo na Amisi walikuwa pamoja kwenye mtumbwi wa pili. Mama wa kanisa alipigwa kwa kitako cha bunduki akapoteza jicho.

Fundi alipata habari asubuhi. Mashine ina daftari lake, inaandika nani aliingia, saa ngapi, akasoma nini. Alilisoma akiwa amesimama. Kisha alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa hapo mpaka jenereta ikaishiwa mafuta. Shefu alikuwa amekwisha vuka ziwa. Biro ilifungwa kabla ya Ijumaa nyingine, na Fundi akaondoka akiwa amebeba kitabu chake, miguu peku.

Amisi alirudi baada ya miaka miwili. Alitoka kichakani karibu na Mboko, amevaa suruali ya mtu mzima. Hataki kulala ndani ya nyumba, hata leo ana mke na bado analala nje, na mke amezoea. Juu ya kaka yake aliniambia mara moja tu kwamba walitenganishwa kwenye mto, na kwamba nisimwulize tena. Wasichana niliwasomesha wote wawili kwa kuuza mafuta ya mawese. Kila chombo kutoka kusini kinapotia nanga nakwenda kumwulizia Etabo. Watu wa bandari wananijua, wananitikisia kichwa nikiwa bado mbali, ili nisijichoshe kufika.

Nilimwona Fundi mwaka uliopita katika soko la Baraka, ndani ya kibanda cha mbao, anatengeneza simu. Miwani yake ilifungwa kwa uzi. Unyoya haukuwepo, alitumia mswaki. Nilisimama mlangoni, jua likinipiga mgongoni, kwa hiyo aliona kivuli tu.

"We ni nani?" aliuliza bila kuniangalia. "Wa kwa nani? Nani amekutuma?"

Katika miaka minne sikuwahi kumsikia akimwuliza mtu hayo.

"Ni Yaya," nilisema.

Akaweka mswaki chini. Baadaye akasukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa."

Nilikaa. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu muda mrefu mno, sikuyapamba. Nilimwambia juu ya baraza, juu ya Ijumaa zangu, juu ya waya uliokuwa karibu na mguu wangu. Nilimwambia kwamba alikuwa amejilaumu bure, mwenye kosa ni mimi.

Alinisikiliza huku akipanga skrubu ndogo kwa ukubwa.

"Daftari la mashine," alisema, "mi nilikuwa nalisoma kila siku, Yaya. We unafikiri sikuona? Mugeni, kila Ijumaa, saa ya kufagia, faili moja. Nilijua toka juma la tatu."

"Juu ya nini haukufunga?"

"Nilienda kufunga. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe. Nikakuangalia kwa mlango, umesimama na ufagio, unacheka peke yako. Sijui uliona nini siku ile."

"Amisi alikuwa amepona."

"Basi njo ile." Aliiokota skrubu moja, akaiweka palepale ilipokuwa. "Nikajisemea, ni Yaya tu. Nikaacha."

Redio ya kibanda cha jirani ilikuwa inasoma matangazo ya misiba.

"Na mukubwa wake, Etabo, alirudi?" aliuliza.

"Hapana."

Alitikisa kichwa, kisha akachukua simu ya mtu akaendelea na kazi. Nilitaka anilaumu. Nilikuwa nimekuja na nafasi ya lawama tayari moyoni, na ilibaki tupu, nikaona kwamba nitaibeba hivyohivyo hadi mwisho, naye ataibeba yake, na kwamba kukutana kwetu hakukupunguza chochote.

Mwanamke mmoja akaja mlangoni na mtoto mgongoni, simu iliyopasuka mkononi. Alikuwa anatoka jasho. Alitaka kuingia kivulini, Fundi akanyoosha mkono kumzuia.

"We ni nani, mama? Wa kwa nani? Nani amekutuma kwangu?"

Mwanamke alisimama palepale juani, akitutazama kwa zamu, kama mtu asiyejua amekosa nini. Niliinuka nikamsogezea kigoda changu hadi miguuni. Hakukaa. Alikuwa anamwangalia Fundi, na Fundi, mkono wake ukiwa bado hewani, alikuwa anangoja jina.